‘Niko kadi’: Tamko linalobeba sheria nzima ya mchezo wa karata

MICHEZO mingi ya karata humwachia mchezaji uhuru wa kunyamaza hadi mwisho. Mwenye karata nzuri huzificha, huupima uso wa mwenzake, kisha huzitupa mezani kwa wakati anaoutaka yeye. Mchezo wa kadi, unaochezwa kote nchini Kenya na uliozoeleka katika vibaraza vya upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, hautoi uhuru huo. Anayekaribia kushinda hulazimika kutangaza kwa sauti, zamu moja kabla, kwamba anakaribia kushinda. Maneno yenyewe ni mawili tu: “Niko kadi.” Asipoyatamka, ushindi wake hautambuliwi hata kama karata zote alizoshika zinakubaliana na ile iliyo mezani.

Makala haya yanaeleza jinsi tamko hilo linavyofanya kazi, kazi yake ni ipi katika mizani ya mchezo, na ni wapi hasa wachezaji hukosana juu yake. Sheria za kadi hazikutungwa na chama wala kampuni. Zimo vinywani mwa wanaoucheza, na kila kikao kina haki ya kuzirekebisha kabla ya karata kugawiwa. Hali hiyo imedumu kwa muda mrefu, lakini programu za simu sasa zimeanza kuwachagulia wachezaji sheria ambazo zamani walichaguliana wenyewe.

Karata na kadi

Majina mawili ya kitu kimoja yanahitaji kutenganishwa kwanza. Neno karata lilifika Pwani pamoja na Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu katika kisiwa cha Mombasa mwaka 1593 na kufukuzwa humo na Waomani mwaka 1698. Wareno husema carta. Walituachia vilevile majina ya aina nne za karata: kopa, uru, shupaza na pau. Kwa asili, maneno hayo humaanisha vikombe, dhahabu, panga na marungu, kwa kuwa ndizo picha zilizochorwa katika karata za Wareno wa enzi hizo. Karata zinazouzwa madukani leo zina michoro iliyotoka Ufaransa, na ndiyo maana mtoto anayeonyeshwa moyo mwekundu na kuambiwa kuwa ni kopa hupata shida kuona kikombe kiko wapi. Pau nayo vijana wengi huiita maua, kwa jinsi mchoro wake unavyofanana na ua.

Neno kadi ni la Waingereza, na lilitufikia karne kadhaa baadaye. Katika makala haya, karata ni kile kipande cha karatasi ngumu anachoshika mchezaji, na kadi ni jina la mchezo.

Wazee wa Pwani walikuwa na wangali wana michezo yao ya karata, na neno kuu katika michezo hiyo ni turufu, kutoka trunfo ya Kireno. Turufu ni aina moja kati ya zile nne inayopewa mamlaka juu ya nyingine tatu kwa muda wa mchezo mmoja. Iwapo turufu ni uru, basi hata karata ndogo kabisa ya uru huishinda karata kubwa kabisa ya kopa. Mchezo unaofuata huweza kuwa na turufu nyingine, na ile ya jana ikarudi kuwa karata ya kawaida.

Dawati la uhariri hulipokea neno hilo kwa wingi kila msimu wa uchaguzi. Mwanasiasa huandikwa kwamba ‘anaficha karata ya turufu’, utadhani turufu ni karata moja ya ajabu iliyo milki ya mtu mmoja. Ukweli ni kwamba turufu ni ya aina nzima, na kila aliyeketi mezani huweza kuwa na mgao wake. Msemo huo utaendelea kuchapishwa, hapana shaka, hata na wahariri wanaojua hivyo. Jambo lililo sahihi ndani yake ni kule kuficha: nguvu ya turufu hukua kadiri mwenye nayo anavyonyamaza. Tamko la niko kadi hufanya kinyume kabisa.

Nguvu zilizomo mikononi

Kadi huchezwa kwa pakiti ya kawaida ya karata 52, pamoja na mbili za joka, na kuwa 54. (Joka hapa si nyoka mkubwa, ni jina la Kiingereza lililosilimishwa.) Kwa kawaida kila mchezaji hupewa karata nne, ingawa vipo vikao vinavyogawa tatu. Zinazosalia huwekwa kifudifudi, na moja hufunuliwa kuanzishia mchezo. Hiyo ya kuanzishia sharti iwe karata ya kawaida.

Msingi wake ni mwepesi. Mchezaji hutupa karata inayolingana na iliyo juu ya rundo, ama kwa aina ama kwa namba. Juu ya saba ya shupaza huweza kufuata shupaza yoyote au saba yoyote. Asiye na karata inayolingana huokota moja, na zamu yake hupita. Mwenye karata kadhaa za namba moja huruhusiwa katika vikao vingi kuzitupa kwa pamoja. Anayemaliza karata zote mkononi ndiye mshindi.

Iwapo mambo yangeishia hapo, mchezo ungekuwa wa bahati tu. Utamu wake umo katika karata zenye nguvu maalumu, ambazo kila moja ina jina fupi linalosimama badala ya maelezo marefu. Mbili na tatu ni karata za kulisha: mchezaji anayefuata hulishwa karata mbili au tatu, na joka humlisha tano. Aliyelengwa huweza kujitetea kwa kutupa karata nyingine ya kulisha, na adhabu ikahamia kwa anayemfuata, au huweza kuizima kwa karata yenye herufi A, ambayo wazee huiita ree. J humruka mchezaji mmoja. K, yaani mfalme, hugeuza mwelekeo wa mchezo, uliokuwa ukienda kulia ukarudi kushoto. Nane na Q, yaani malkia, ni karata za swali, nazo ndizo za ajabu kuliko zote kwa kuwa anayeuliza ndiye anayejibu. Ukitupa swali la kopa, sharti wewe mwenyewe, katika zamu hiyo hiyo, ulijibu kwa karata nyingine ya kopa au kwa swali jingine linalolingana, ukishindwa, unaokota. Ree isipotumika kuzima adhabu humpa mwenye nayo haki ya kuagiza aina ipi ifuate. Ree ya shupaza ina hadhi ya juu zaidi: katika vikao vingi huweza kuagiza karata mahsusi, aina na namba yake.

Sheria inayozifunga nguvu hizo zote ni hii: hakuna anayeshinda kwa karata yenye nguvu. Karata ya mwisho kugusa meza lazima iwe ya kawaida, yaani nne, tano, sita, saba, tisa au kumi.

Hesabu yake inafaa kufanywa. Karata za kawaida ni namba sita katika aina nne, jumla yake 24. Zenye nguvu ni 30. Kwa hivyo zaidi ya nusu ya pakiti ni silaha, na silaha haziwezi kumfikisha mtu mwisho. Anayelimbikiza nguvu kwa pupa hujikuta amebeba mzigo asioweza kuutua, na mzoefu hutambulika kwa jinsi anavyoitunza tano yake ya kopa tangu mwanzo, kitu ambacho mgeni wa mchezo hukitupa zamu ya kwanza kwa kudhani hakina kazi.

Tamko na masharti yake

Sasa tulitazame tamko lenyewe. Kusema “niko kadi” ni kutangaza kwamba, katika zamu yangu ijayo, nina uwezo wa kumaliza karata zote nilizoshika endapo iliyo juu ya rundo itaniruhusu. Hutamkwa mwishoni mwa zamu inayotangulia ile ya ushindi, kabla ya mchezaji anayefuata hajatupa karata yake.

Tamko hili halihesabu karata, na hapo ndipo kadi inapotofautiana na jamaa zake wa nchi nyingine. Katika Uno, mchezo uliobuniwa mwaka 1971 na kinyozi wa jimbo la Ohio, Marekani, aliyeitwa Merle Robbins, mchezaji hutakiwa kutaja jina la mchezo pindi anapobakiwa na karata moja. Jina lenyewe humaanisha ‘moja’. Nchini Nigeria, wachezaji wa Whot!, mchezo uliotoka Uingereza miaka ya 1930, nao hutangaza karata ya mwisho. Wajerumani wana mchezo wa ukoo huo huo unaoitwa Mau-Mau, jina ambalo msomaji wa Kenya hawezi kulipita bila kusita, na aliyebakiwa na karata moja husema “Mau”. Kote huko kinachotangazwa ni idadi, kitu ambacho mwenye macho angeweza kukiona bila kuambiwa.

Kinachotangazwa katika kadi ni uwezo. Mchezaji mwenye saba tatu za aina mbalimbali yuko kadi, kwa sababu huweza kuzitupa zote kwa mkupuo mmoja. Mwenye malkia wa kopa na tano ya kopa yuko kadi, kwa sababu atauliza na kujijibu. Mwenye nane mbili, malkia mmoja na kumi moja, zikilingana ipasavyo, yuko kadi ilhali ana karata nne mkononi. Kwa upande mwingine, aliyebakiwa na karata moja tu ambayo ni mfalme hayuko kadi hata kidogo. Akiitupa, mkono wake utakuwa mtupu na bado hajashinda. Itambidi aokote zamu yake ikirudi, na katika vikao vingi hakuna mwingine anayeruhusiwa kushinda wakati mkono wa mwenzao uko mtupu namna hiyo. Mtazamaji asiyeujua mchezo huweza kuangalia mikono ya watu wanne na akakosea kabisa kutaja ni nani aliye karibu.

Hii ndiyo sababu ya tamko kuwapo. Karata za kulisha, za kuruka na za kurudisha hazina thamani kama mpinzani hajui azielekeze kwa nani na lini. Idadi ya karata haimwambii. Bila tamko, ushindi ungetokea ghafla kila mara, na zile silaha 30 zingetupwa ovyo. Mchezo humtoza anayeongoza bei moja: atoe siri yake, kisha akae zamu nzima akisubiri watakalomfanyia.

Adhabu ya kusahau hutofautiana. Iliyoenea zaidi ni kwamba aliyenyamaza hawezi kushinda katika zamu hiyo hata akiwa na karata zinazofaa. Itambidi atangaze kwanza na kusubiri mzunguko mwingine. Vikao vikali huongeza adhabu ya kuokota. Kuhusu anayetangaza uongo, maoni yamegawanyika. Wapo wanaoliona tamko la uongo kuwa werevu halali, kwa kuwa huwashawishi wapinzani kumaliza silaha zao mapema, na wapo wanaomtaka muongo afunue karata zake na kutozwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, msimamo wa pili una mantiki zaidi: tamko likiruhusiwa kuwa la uongo halina tena kazi ya kutoa siri, na mchezo hurudi kule kule kwenye turufu.

Mfano wa meza moja

Tuchukue wachezaji watatu wa kubuni, tuwaite kwa mitaa yao. Wa Likoni anacheza kwanza, wa Kisauni anamfuata, kisha wa Changamwe, na mzunguko unarudi Likoni. Juu ya rundo ipo tisa ya shupaza. Wa Likoni ana karata tatu: sita ya shupaza, malkia wa kopa na tano ya kopa. Anatupa sita, anabakiwa na malkia na tano, na anasema kwa sauti: “Niko kadi.”

Wenzake sasa wanajua kwamba yuko tayari, ila hawajui ni kwa karata gani. Kinachomfaa wa Likoni ni kukuta kopa yoyote, au malkia yeyote, juu ya rundo zamu yake itakapofika.

Tuseme wa Kisauni anafanya uzembe na kutupa sita ya kopa juu ya ile sita ya shupaza. Wa Changamwe hana silaha, anafuatisha kumi ya kopa. Mchezo umekwisha: wa Likoni anaweka malkia wa kopa, anajijibu kwa tano ya kopa, na anaonyesha mikono mitupu.

Sasa turudi nyuma, wa Kisauni awe makini. Ana mfalme wa shupaza. Anamtupa juu ya sita ya shupaza, mwelekeo unageuka, na zamu inamrudia wa Likoni papo hapo. Juu ya rundo pana mfalme wa shupaza. Wa Likoni hana shupaza wala hana mfalme. Analazimika kuokota. Zingatia kwamba hakulishwa adhabu yoyote. Alipewa zamu yake mapema mno, katika aina isiyomfaa, na hilo lilitosha. Akiokota nne ya uru, tamko lake limekufa, kwa sababu hana njia ya kumaliza karata tatu hizo kwa zamu moja. Akiokota tano ya uru, mambo ni tofauti: malkia wa kopa, tano ya kopa, na tano ya uru juu yake humaliza mkono wote pale kikao kinaporuhusu namba moja kutupwa kwa pamoja. Hapo anaweza kutangaza upya, na ni lazima atangaze upya. Tamko la kwanza halihamishiki.

Njia ya tatu ingemtumia wa Changamwe. Wa Kisauni angetupa mbili ya shupaza, adhabu ikamwelekea wa Changamwe, naye akajitetea kwa mbili ya uru na kuisukuma mbele. Wa Likoni, aliyekuwa akisubiri kushinda, angeokota mbili. Wachezaji wawili wasiokuwa washirika huungana kwa zamu moja dhidi ya wa tatu, kwa sababu tu wa tatu amesema maneno mawili. Muungano huo huvunjika mara hatari inapopita.

Maneno yaliyochapishwa na yasiyochapishwa

Wanaofuatilia michezo ya kisasa ya karata watakuwa wamesikia habari za Magic: The Gathering, iliyotungwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993. Ni mchezo wa mashujaa, mazimwi na uchawi, ambao karata zake hukusanywa na kubadilishwa. Kampuni iliyouchapisha inajiita Wizards of the Coast, yaani Wachawi wa Pwani, jina ambalo likibandikwa mlangoni huku kwetu lingeleta mazungumzo ya aina nyingine.

Mchezo huo umejengwa juu ya utaratibu ambao mchezaji wa kadi angeutambua mara moja. Karata ya kiumbe huweza kuandikwa neno moja lenye maana ya ‘kupaa’, na neno hilo husimama badala ya kanuni kwamba kiumbe huyo hawezi kuzuiwa isipokuwa na mwingine apaaye au mwenye uwezo wa kuwafikia wapaao. Neno jingine, lenye maana ya ‘kukanyaga’, husema kwamba pigo linalozidi uhai wa aliyezuia humfikia mchezaji aliye nyuma yake. Mchezaji hujifunza neno mara moja, kisha hulitambua katika mamia ya karata.

Mabao ya Pwani yalikuwa na mtindo huo kabla ya karne hii. Katika bao la Kiswahili, shimo liitwalo nyumba lina haki zake: katika hatua ya kunamua, mchezaji aliyekula kete na mzunguko wake ukaishia katika nyumba yake huweza kuchagua kulala hapo au kuendelea na safari. Neno ‘nyumba’ limebeba kifungu kizima, na hakuna anayekisoma popote.

Tofauti kubwa iko hapo. Karata ya Magic imeandikwa neno lake, na maana ya neno hilo imewekwa katika kitabu cha kanuni ambacho kampuni hukitoa na kukirekebisha. Wawili wakikosana, kitabu huamua. Karata ya mbili ya shupaza haikuandikwa popote kwamba inalisha. Iliundwa kwa michezo mingine, na nguvu yake hapa imetoka kwa watu walioketi. Niko kadi iko mbali zaidi, kwa kuwa haimo hata katika karata. Imo katika kinywa cha mchezaji na katika masikio ya wenzake.

Pale wanapokosana

Upande wa bara wa Mombasa umejaa watu waliotoka sehemu mbalimbali za nchi kufuata kazi za bandari, reli, viwanda na hoteli. Kila mmoja alijifunza kadi kwingine, mara nyingi shuleni, ambako mwalimu akiiona pakiti huitwaa. Wanapoketi pamoja Changamwe au Mtongwe, maneno yao ni yale yale na maana zake hazilingani.

Ugomvi wa kwanza ni wa wakati. Je, tamko ni kabla ya kutupa karata au baada yake? Wengi hukubali lolote kati ya hayo, mradi anayefuata hajacheza. Mpinzani mwenye haraka naye hujua hila: hutupa karata yake upesi ili tamko la mwenzake lichelewe. Ugomvi wa pili ni wa sauti. Karibu na kivuko cha Likoni, kwa honi za matatu na za feri, mtu huweza kunong’ona akadai kwamba alisema. Kikao kizuri hukata mapema kwamba tamko lisilosikika na yeyote halikutolewa. Ugomvi wa tatu ni wa uhai wa tamko: aliyetangaza, akarukwa kwa J, je, atangaze tena? Aliyerukwa hakuongezewa karata, hali yake haikubadilika, na kwa mantiki hiyo wengi humwacha. Aliyelishwa amebadilika, naye hurudia.

Mabishano haya ni sehemu ya burudani pale ambapo kinachoshindaniwa ni heshima ya kibaraza. Fedha zikiingia, sura hubadilika. Uislamu, dini ya wakazi wengi wa Pwani, unaharamisha kamari, na wapo masheikh wasiopenda karata hata bila fedha. Hata kwa asiyejali upande huo, neno ambalo maana yake haikuafikiwa ni msingi dhaifu wa kuwekea shilingi.

Programu za simu zinazochezesha kadi huyamaliza mabishano hayo kwa njia ya mkato. Tamko hugeuka kitufe, na mashine haibishani juu ya mnong’ono. Mtunzi wa programu amekwisha kuamua ni karata ngapi zinagawiwa, ree ya shupaza ina haki gani, na mkono mtupu una hukumu ipi. Faida yake ni kwamba mtu wa Kisauni huweza kucheza na mtu wa Kisumu bila kikao cha sheria. Hasara yake ni kwamba kijana aliyejifunzia simuni huja kibarazani akidhani kuna sheria moja tu, na kwamba wazee wanaogawa karata tatu wanakosea. Hawakosei, wanafuata kanuni ya kikao chao, ambayo ina umri na uhalali sawa na nyingine yoyote.

Lipo jambo moja ambalo hata programu haiwezi kulikwepa, nalo hutokea wachezaji wakiwa wawili tu. Kwa wawili, J humruka mpinzani pekee aliyepo na zamu humrudia aliyeitupa. Mchezaji huweza basi kutupa J, akasema “niko kadi”, mwenzake akarukwa, naye akamaliza papo hapo. Ametimiza sheria kwa herufi zake, ilhali zamu ambayo tamko lilikusudiwa kumpa mpinzani haikuwapo. Vikao vingine hulikubali hilo na kuliita ufundi. Vingine hudai mpinzani apate walau zamu moja kamili kati ya tamko na ushindi. Katika vile vinavyolikubali, kinga iliyobaki ni moja: mpinzani awe na J yake mwenyewe, aitupe juu ya ile ya kwanza, na kuruka kukazuiwa. Ndiyo maana, karata zinapopungua na watu wamebaki wawili, mzoefu haitupi J yake ya mwisho kwa jambo dogo.